Nilimfunga Kidevu Mgonjwa Aliyelala

Nimetoka eda juzi tu, na naona msiba wenyewe bado haujanitoka. Mdogo wangu Omari alilazwa hapa Bagamoyo ili apasuliwe ngiri. Hofu ya kisu ikamnyima usingizi, na daktari akasema asipotulia upasuaji utaahirishwa. Jioni muuguzi akampa kidonge.

"Hii ni homoni ya usingizi, mama. Mwili wenyewe huitengeneza. Tunamwongezea ili alale, wasiwasi upungue."

Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Asubuhi nikamkuta katulia, mdomo wazi. Nikamwita, kimya. Nikamgusa mguu, wa baridi. Utulivu wa namna ile niliuona mara moja tu, kwa marehemu mume wangu. Basi nikafanya ninayoyajua. Nikamfunga kidevu kwa mtandio wangu, nikamgeuza uso kuelekea kibla, nikampigia binamu yetu Shomari kule Fukayosi. Kisha nikaketi kusoma Yasini, nikilia polepole nisiwasumbue wagonjwa.

Muuguzi akaja na kanzu ya upasuaji. "Mama, mbona umemfunga mgonjwa wangu?"

Omari akafumbua macho. Kabla sijajibu, simu yangu ikaita. Shomari hajui kunong'ona. Wodi nzima ilimsikia.

"Dada, tumeshaanza kuchimba. Tumlaze karibu na shemeji?"

Omari akaushusha mtandio shingoni, akanipokonya simu.

"Fukieni," akasema. "Mimi nimelala vizuri sana. Kidonge apewe dada."