Uji wa Baba na Shimo Jeusi

Baba alipoanza kushindwa kumeza, niliomba ruhusa shuleni Katesh, ambako nafundisha fizikia, nikarudi nyumbani Tumati kumsaidia mama. Hospitali walikuwa wameshatuambia ni saratani ya koo, na kwamba tumechelewa.

Asubuhi nilimtoa nje, nikamkalisha juani karibu na zizi, nikamnywesha uji mwepesi kwa kijiko. Akinywa kidogo anageuza uso.

Siku moja akaniuliza, "Hivi kule chuoni ulisoma nini hasa? Miaka yote ile sikuwahi kukuuliza."

Nilimwambia nilisoma habari za nyota, na za mashimo meusi. "Shimo jeusi linavuta kila kinachosogea karibu, baba. Hata mwanga ukishaingia hautoki."

"Linameza tu?"

Nilijuta kulitaja. Lakini alikuwa ananitazama, anasubiri.

"Si kirahisi," nikasema. "Gesi haidondoki moja kwa moja. Inalizunguka shimo, inatandaa kama sahani kubwa, inasuguana, inapata moto mpaka inang'aa sana. Msuguano huo ndio unaoisogeza ndani polepole. Ila si yote inayoingia. Ule mzunguko unasokota nguvu za sumaku, nazo zinaitupa nyingine nje, juu na chini, kama mikondo miwili myembamba, kwa kasi inayokaribia ya mwanga."

"Kwa hiyo linatapika?"

"Hapana, baba. Hiyo haikuwahi kuingia. Iliishia mlangoni."

Baba alicheka mpaka akakohoa, mama akatoka jikoni mbio. "Mama watoto, njoo usikie," akamwambia. "Kumbe hata hilo shimo chakula kinalishinda!"

Mama hakucheka. Alimfuta mdomo kwa upindo wa kanga, akarudi jikoni, na nikamsikia akilia huko.

Tangu hapo baba alidai habari hizo kila nilipokaa naye, hata alipokuwa haamki tena kitandani. Asubuhi ya mwisho hakufungua mdomo kwa kijiko. "Endelea," alisema, kwa sauti ambayo niliisoma midomoni zaidi ya kuisikia. Nikaendelea. Nilikuwa namweleza jinsi mikondo ile inavyosafiri hadi nje kabisa ya galaksi yake, mama aliponishika bega.

"Mwanangu, pumzika. Baba yako ameshaenda."

Tulimzika nyuma ya nyumba. Majirani waliuliza kama aliacha neno lolote. Mama aliwaambia hapana, alikuwa anasikiliza.