Mwaka Bibi Alipokataa Kusimama na Jirani

Juzi nilikuwa Somanda, nimekaa kibandani nje ya hospitali nakunywa chai huku nikisubiri muda wa kuona mgonjwa. Redioni wakasema nchi moja ndogo imekataa kuingia vitani pamoja na rafiki yake mkubwa, ingawa rafiki huyo ameisaidia miaka mingi. Wateja wakacheka. Walisema hao ni waoga, na shukrani hawana. Mimi mawazo yalikuwa yameshafika kijijini Nkoma, kwa bibi mzaa mama aliyenilea.

Sijui kama umewahi kukaa kijijini msimu wa kuchuma pamba. Asubuhi majani yana umande, vidole vinachanika, na jua likipanda unatafuna michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa huku mfuko wa pamba umekuning'inia shingoni. Nyumbani tulikuwa bibi, mjomba ambaye alikuwa hajaoa, na mimi. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa na ng'ombe wengi na vijana wa kutosha, na ndiye aliyetuazima maksai wa kulimia kila mvua zilipoanza. Binti yake alikuwa rafiki yangu. Tulichuma pamoja, tukicheka mambo ambayo leo hata siyakumbuki.

Kisha ukazuka ugomvi wa lambo. Jirani na ukoo wa ng'ambo ya mto waligombania maji ya kunyweshea mifugo, vijana wakapigana fimbo, na wazee wa kijiji wakashindwa kuwapatanisha. Jioni moja jirani akaja kwetu. Bibi alimpa maziwa mgando, akanywa taratibu, kisha akaomba mjomba aende na vijana wake siku watakayovuka mto. Hakutisha mtu. Alitaja tu wale maksai.

Bibi alimaliza kwanza kupukuchua hindi alilokuwa nalo mkononi.

"Baba, wema wako sijausahau," akasema. "Lakini wewe ukishindwa una ndugu kule Nassa wa kukupokea. Mimi shamba langu ndilo linalopakana na wale. Wakija kulipiza wataanzia hapa, na kijana ninaye huyu mmoja."

"Na nikishinda bila ninyi?"

"Utakuwa umeshinda. Sisi tutalima kwa jembe la mkono."

Na kweli tulilima kwa jembe la mkono. Mjomba aliona aibu mbele ya vijana wenzake, akawa anakula peke yake nyuma ya nyumba. Wa ng'ambo nao hawakutushukuru, walidhani tunawapeleleza kwa niaba ya jirani. Bibi akifika kisimani, wanawake walikatisha maongezi. Rafiki yangu alipita na ndoo kichwani, nikamwita, naye akatazama mbele kama vile hakusikia. Mwaka ule nilijifunza kuchuma pamba bila kusema na mtu.

Jirani na vijana wake walivuka mto kabla mavuno hayajaisha. Kaka mkubwa wa rafiki yangu aliuawa, nyumba zikachomwa pande zote mbili, na polisi wakaja kukamata waliobaki. Kwetu hakuna aliyegusa hata jani la paa.

Jirani akaamua kuhamia Nassa. Asubuhi walipokuwa wakipakia vyungu na kuku kwenye mkokoteni, bibi alinituma niwapelekee michembe ya njiani. Rafiki yangu aliipokea kwa mikono miwili, akanitazama.

"Mjomba wako angekwenda," akasema, "kaka yangu asingekuwa peke yake."

Nikarudi nyumbani na kikapu kitupu. Mjomba bado yuko hai, na sasa ana wajukuu. Hakuwahi kumwambia bibi kwamba alifanya sawa, ila bibi alipougua, yeye ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho. Bado naamini bibi alikuwa sahihi. Ila nilidhani aliye sahihi huwa na watu wake, kumbe sivyo.

Baada ya kutoka Somanda nilipitia Nkoma. Lambo limejaa tope, mifugo haiji tena. Kwa jirani imebaki minyaa iliyokuwa uzio wa boma, imekua mirefu bila mtu wa kuipunguza. Nilisimama pale palipokuwa mlango, nikaita salamu ya kwetu, kama ilivyokuwa desturi kabla ya kuingia kwa mtu: "Mwadila!" Nikangoja kidogo, jinsi mtu anavyongoja wenyeji waitikie. Upepo ulipita kwenye minyaa, nami nikaendelea na njia yangu.