Mafundo ya Mkeka wa Nadhiri

Juzi mjukuu wangu, anayesomea kompyuta chuoni, alikuja kwangu Nzuguni kujiandaa na mtihani. Mimi nachambua choroko, yeye anasoma kwa sauti, kama tulivyosoma sisi madrasa. Akasoma kwamba zamani, kabla ya kompyuta, palikuwa na mtambo wa kufuma vitambaa ulioongozwa na kadi zenye matundu. Penye tundu uzi unainuka, pasipo tundu uzi unatulia, na ua linatokea lenyewe. Baadaye watu wa hesabu wakaazima kadi hizo. Mashine zikawa kubwa za kujaa chumba, kisha zikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka hii aliyoipakata.

Nikaacha choroko. Ndugu yangu, pale pale nilisikia harufu ya ukindu uliolowekwa, nikawa mtoto tena kule Busi.

Babu aliugua sana mwaka mmoja, na bibi akaweka nadhiri: akipona, atausukia msikiti mkeka kwa mikono yake mwenyewe. Babu akapona. Lakini macho ya bibi yakaanza kuingia ukungu, na mkeka ulikuwa haujafika hata nusu. Kusuka aliweza, vidole vilijua njia. Kilichomshinda ni rangi, maana jani jekundu na jani jeupe ukiyapapasa ni mamoja.

Jirani yetu, mwanamke mwenye maneno, alikuwa anakuja na ukili wake mkononi, ule utepe wa kushonea mkeka, anasuka huku anasema. "Nipe nikumalizie, dada. Wako utapinda kama njia ya mbuzi."

"Kwani wewe ndiye uliyezungumza na Mungu?" bibi akamjibu. "Kaa, ule mlenda."

Kesho yake bibi akaniita. Akaniambia nifunge fundo dogo kwenye ncha ya kila jani jekundu, na jeupe niliache lilivyo. Basi. Kidole kikikuta fundo, ni jekundu. Kisipokuta, ni jeupe. Ua likarudi kwenye ukili, moja baada ya jingine, na mimi mtoto wa kike nikajiona mtu mkubwa kuliko mwalimu wetu wa madrasa.

Siku moja tulikwenda kisimani. Jirani akaja, akakuta tita la ukindu limejaa vifundo. Kule kwetu mwanamke hawezi kuona ncha chafu akaziacha. Alichukua kisu akazipunguza zote, akalifunga tita vizuri, akakaa kungoja shukrani. Bibi alipolipapasa alitafuta fundo ncha kwa ncha, asilipate. Kisha akasema polepole, "Umenifumba macho mara ya pili."

Idi, siku ya kuutandika mkeka, ilikuwa imekaribia. Nilidhani sasa watagombana. Jirani alipoelezwa, alikaa chini, akaanza kufunga mafundo. Akaja kesho, akaja na siku zilizofuata, kila baada ya adhuhuri, na mzaha wake ukarudi. "Nadhiri yako, vidole vyangu. Thawabu tutagawanaje?"

"Muulize mwenye kugawa," bibi akasema.

Asubuhi ya Idi mkeka ulitandikwa msikitini, na mistari ya maua ilinyooka. Babu aliswali juu yake. Alipotoka alimshika bibi mkono mbele za watu, jambo ambalo wazee wa wakati ule hawakulifanya.

Mkeka ule uliisha zamani. Msikiti sasa una zulia, bibi na jirani wamelala jirani makaburini, na sijui kama Busi yupo bado anayesuka ua lile. Sisemi bibi yangu alivumbua kompyuta. Nasema tu kwamba akili aliyowapa Mungu watu wa mitambo, hakuinyima nyumba yetu.

Nilipomaliza kumsimulia haya, mjukuu wangu alikuwa amefunga daftari. Akanivuta mkono, akaweka vidole vyangu juu ya herufi za kompyuta yake. "Fumba macho, bibi. Papasa."

Nikapapasa. Vibonyezo vyote vilikuwa laini, isipokuwa viwili vya katikati, vyenye kinundu kidogo.

"Ni vya nini?"

"Ni vya kuonyesha vidole mahali pake, ili mtu aandike bila kutazama."

Nikavirudia vile vinundu tena, taratibu. Nikasema, Alhamdulillahi, fundo la bibi hili hapa.