Kiitaliano cha Kinuni

Kwa miaka thelathini aliyopika katika nyumba ya masista, Gaudensia wa Mtendeni hakuhitaji hata neno moja la Kiitaliano. Sista Adelina aliongea Kiswahili kumshinda karani wa parokia, na kila Jumamosi wawili hao walitwanga pamoja katika kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule unashuka. Mwanzoni Sista alikuwa hodari wa kugonga ukingo. "Usigonge ukingo, Sista," Gaudensia alimkemea mwaka mzima, mpaka mkono wa Sista ukashika mwendo.

Kisha Sista akarudi kwao Italia uzeeni, akapata kiharusi. Mpwa wake alipiga simu kumweleza Padre Nestory, aliyesoma Italia, kwamba Kiswahili chote kimemtoka. Amebaki na Kiitaliano cha utotoni, nacho kidogo. Gaudensia alilia siku mbili. Siku ya tatu alijifunga kibwebwe akamwendea Padre, amfundishe sentensi moja tu: *Ti ricordano tutti.* Wote wanakukumbuka.

"Ri-cor-da-no," Padre akamkatia. "Uzito uweke kwenye *cor*, mama, usiuburute mpaka *da*."

Kusema ni rahisi. Ulimi wa Gaudensia ulizoea kuegemea silabi ya pili kutoka mwisho, tena ulikuwa mbishi: ukachomeka i pasipo na i, ukageuza r kuwa l, ukatoka na "likolidano". Padre alicheka mpaka akavua miwani. Gaudensia hakucheka. Alirudi nyumbani akamimina karanga kinuni. Pigo dogo, *ri*. Pigo zito, *cor*. Mawili mepesi, *da-no*. Kwenye *tut-ti* aliushikilia mchi juu kidogo kati ya t na t, ndipo akaushusha. Ulimi ukafuata mkono. Kwa wiki mbili majirani walikula mboga za karanga mpaka wakachoka.

Jumapili baada ya misa, Padre akaja uani kwake na simu ya video. Sista alionekana kwenye kioo, amekuwa mdogo ndani ya shali, macho yake yakimtazama kama mgeni.

"Shikamoo, Sista."

Gaudensia akasema sentensi yake, kila silabi mahali pake, hata Padre akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sista akaendelea kumtazama vilevile. Gaudensia alitaka kitu kimoja tu, ajulikane, na hilo limeshindikana.

Kwa kukosa la kufanya, akashika mchi uliokuwa pale uani akairudia sentensi kinuni. *Ri-cor-da-no. Tut-ti.* Akarudia tena, na tena. Ndipo ikasikika simuni, ndu, ndu: Sista anapiga meza kwa kiganja, na kila pigo lake linaangukia pale mchi wa Gaudensia ulipokuwa juu.

Machozi yakamjaa Gaudensia asione vizuri. Mchi ukamponyoka kidogo, ukagonga kando ya kinu.

"Usigonge ukingo, Gaude," akasema Sista Adelina.