Hapa Samaki Hakuna

Nilikuwa nimelala chini kwenye saruji ya hoteli moja ya Koboko, karibu na stendi ya mabasi, shavu langu limelowa maji ya kunawia mikono ya watu, na hewa haiingii. Koo lilikuwa limefungwa kama mdomo wa gunia. Ulimi ulijaa kinywani, midomo ilikuwa minene mpaka sikuijua kama ni yangu. Ilikuwa saa saba mchana, hoteli imejaa, watu wanakula. Kutoka pale chini niliona viatu vyao. Niliona na viatu vya mwenye hoteli, vyeusi, vimepigwa rangi vikang'aa, vimesimama karibu na uso wangu. Juu huko nikasikia sauti yake ikiwaambia wateja:

"Hapa samaki hakuna. Huyu mzee amekula majani tu. Alikuja na ugonjwa yake."

Shika neno hilo, maana nitalirudia. Mimi sikuwa nimesema kitu. Nilinyoosha kidole kwenye koo, kisha kwenye sahani, basi, nikaanguka. Hakuna mtu ndani ya hoteli ile aliyekuwa ametaja samaki.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nyumba yangu iko Mvara, lakini kazi yangu iko barabarani. Nina pikipiki kuukuu na mfuko wa bisibisi, na popote fundi nguo anapolia kwamba mashine yake inakata uzi, mimi nafika: Manibe, Arua mjini, Koboko, hadi Midia kule karibu na mpaka. Shule niliiacha darasa la tatu, siku tulipokimbia vita na wazazi, na tuliporudi nilikuwa mkubwa mno kukaa darasani na watoto. Huko ukimbizini tulikula samaki mkavu. Asubuhi samaki mkavu, jioni samaki mkavu. Ndiye aliyetuweka hai. Kwa hiyo nilipofika miaka arobaini na kitu na mwili wangu ukaanza kumkataa, nilidhani nimerogwa.

Mara ya kwanza ni angara, yule samaki wa kukausha tunayempenda sana huku, nyumbani kwangu mwenyewe. Nikavimba macho. Mara ya pili nikazimia, wakanibeba. Daktari wa Arua hakuzunguka maneno.

"Mzee, samaki basi. Hata unga yake. Hata kijiko yake. Mara ya tatu sitakuona hapa, nitasikia matanga."

Nikaacha samaki. Nikadhani yamekwisha. Lakini nenda wewe katika hoteli zetu uangalie jikoni: sufuria nne, kijiko kimoja. Kinatoka kwa samaki kinaingia kwa nyama, kinatoka kwa nyama kinaingia kwa maharage. Nilikula supu ya ng'ombe sokoni nikavimba wiki nzima. Nikaacha nyama. Nilikula yai lililokaangwa kwenye kikaango cha jana, nikavimba. Nikaacha mayai. Maziwa nayo yakaanza kunichafua tumbo, nikayaacha kwa hasira tu. Leo sili kitu chochote kinachotoka kwa mnyama. Nakula vya shamba. Mafundi nguo wa Arua wananicheka: "Mzee amekuwa muzungu! Tukuletee kijiko ya saladi?" Cheka wewe. Wewe hujalala kwenye saruji.

Utaniambia, si ubebe chakula chako? Nabeba. Karanga, muhogo wa kuchemsha. Lakini kazi ya siku mbili Midia, chakula kiko kwenye mkebe nyuma ya pikipiki, jua linakipiga, kesho yake kimechacha. Tena na mimi ni mtu. Mtu aliyefungua mashine sita tangu asubuhi anataka kukaa kwenye kiti, anataka sahani inayotoa moshi.

Nilitafuta miaka. Naweza kukuchorea ramani ya hoteli za njia hii kwa majibu ya wapishi wake. Uliza kama kuna nyama kwenye maharage. Wa kwanza: "Nyama hakuna, ni supu yake tu." Wa pili: "Samaki si nyama, baba." Wa tatu: "Ni kidogo tu, ya kuleta ladha." Na mmoja pale Arua, mama mwenye huruma, aliona naagiza maharage matupu siku tatu mfululizo, akanimwagia mchuzi wa mifupa bila kuulizwa. Akaniinamia sikioni: "Nimekuongezea, mzee. Naona siku hizi hali ni ngumu." Nilimshukuru. Ningefanya nini? Nikaenda kuutapika nyuma ya soko kabla haujakaa.

Mahali pazuri nilipata pawili tu. Manibe kuna mwanamke wa kando ya barabara anayechoma muhogo na kuupaka karanga za kusaga. Hapiki kitu kingine, kwa hiyo hana cha kunichanganyia. Na Arua, uchochoro wa nyuma ya soko, kuna mama mmoja wa makamo kama mimi. Siku ya kwanza nilimuuliza kama majani yake ya kunde yana samaki. Hakuniambia hakuna. Aliniambia, "Njoo uone." Akanipeleka jikoni, akafunua kifuniko, akanipa kijiko ninuse, akanionyesha bakuli la ufuta na maji ya majivu anayolainishia majani. Nilikula na enyasa ya moto, ule ugali wetu wa muhogo na mtama, mpaka nikatoa jasho. Tangu hapo ana sufuria ndogo, na mpini wake ameufunga kitambaa chekundu. "Hii ya mutu yangu wa cherehani," anawaambia wasichana wake. "Mutu akiigusa na kijiko ya samaki, atanijua."

Lakini mama mmoja hawezi kunilisha hadi Midia.

Basi nikajifunza uongo. Niligundua kwamba ukimwambia mpishi "naumwa," anakuonea huruma na kukuongezea mchuzi. Ukimwambia "nimefunga," yaani kwa ajili ya Mungu huli vya mnyama, anaogopa. Hakuna anayetaka kuharibu mfungo wa mtu. Waislamu waliniheshimu, Wakristo waliniheshimu. Nilianza kusema nimefunga kila mahali, mwezi wowote. Wakaniita mtu wa sala. Nilikula vizuri miezi mingi kwa neno lile moja.

Halafu ikafika ile Ijumaa.

Nilikuwa Midia siku ya pili, kwa kikundi cha akina mama wenye cherehani zilizoliwa na kutu, nikapungukiwa mkanda mmoja wa mashine, nikashuka Koboko kuutafuta. Njaa ilikuwa imenishika vibaya. Hoteli ile ya stendi sikuwa nimeingia hata siku moja. Nilimwona mpishi mlangoni, mwanamke mkimbizi kutoka Sudan Kusini, rozari shingoni, na nikasema moyoni, huyu atanielewa.

"Karibu, mzee wangu. Nyama iko, kuku iko."

"Mama, mimi nimefunga."

Akaweka mkono kifuani. "Eh! Pole, baba. Basi nyama hakuna, mafuta ya ng'ombe hakuna. Nitakupea majani."

"Majani safi?"

"Safi kabisa. Ya kufunga."

Ya kufunga. Nilisikia nilichotaka kusikia. Mimi ni Mprotestanti, mtu wa kanisa la Mvara, sisi hatuna desturi ya samaki wa Ijumaa. Yeye ni Mkatoliki, na ilikuwa Kwaresima. Kwao, aliyefunga Ijumaa hagusi nyama, lakini samaki anaruhusiwa. Samaki ndiye chakula chake. Kwa hiyo mama yule, kwa kumheshimu Mungu na mzee aliyechoka, alichukua mukene, wale dagaa wadogo, aliowatwanga mpaka wakawa unga, akakoroga kwenye ufuta wa majani yangu. Kama angekuwa ananichukia, samaki nisingemla. Niliona rangi ya ufuta, sikuona kitu kingine.

Yalikuwa matamu. Hilo peke yake lingetosha kuniamsha. Jamaa mmoja mbele yangu, dereva wa lori, alinitazama akacheka: "Huyu mzee anafunga, lakini anakula kama bwana harusi!" Nilicheka naye. Nikafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha ugali. Kisha midomo ikaanza kuwasha, na viganja, na nikasikia kama mtu ananipapasa kooni kwa ndani. Nilijua. Mtu akishaijua hali ile mara mbili, ya tatu haimpotezi. Nikasimama, nikaonyesha koo, nikaonyesha sahani. Nikaanguka.

Na hapo ndipo viatu vyeusi vilipokuja.

Dereva wa lori ndiye aliyenibeba, yeye na mtu wa boda. Waliniweka katikati yao kwenye pikipiki, wakanifikisha kwenye kliniki. Muuguzi akauliza nimekula nini. Mtu wa boda akajibu, "Majani. Mwenyewe ya hoteli amesema samaki hakuna." Nilitaka kupiga kelele, ikatoka sauti kama ya mbuzi. Nikaonyesha kwamba nataka kalamu. Akanipa, na daftari lake la wagonjwa. Nikaandika. Darasa la tatu, macho yamevimba: nikaandika s, nikaandika a, lakini a yangu haikujifunga juu, nikaandika m, na kalamu ikaanguka. Muuguzi akalisoma.

"Sum… Sumu! Majani yamepuliziwa dawa ya shamba!"

Akaita mwenzake alete mpira wa kuosha tumbo. Nilitikisa kichwa, wakanishika kichwa. Nilimwona akiupaka mpira mafuta ili auingize kwenye koo langu, koo ambalo halikupitisha hata mate. Sikuwaza watoto, sikuwaza Mungu. Niliwaza herufi ile. Nife kwa sababu ya a.

Mlango ukagonga ukuta. Mpishi aliingia, hana viatu, aproni bado iko kiunoni, ameshika kopo la mukene kifuani kama mtoto.

"Ni mimi! Mimi nimeweka! Amesema amefunga, mimi nikaweka hii!"

Muuguzi akanusa kopo, akanitazama midomo, akautupa mpira chini. Sindano ikaingia pajani. Sijui ni muda gani ulipita. Najua kwamba hewa ya kwanza iliyoingia ilikuwa na harufu ya mukene, na nikaivuta.

Mama yule alikuwa amekaa sakafuni analia. "Baba, kwa nini hukusema ni samaki inakukataa? Mimi ningekupikia kando."

Kwa hiyo nikiwataja waliohusika, najitaja mwenyewe wa kwanza: nilimdanganya mwanamke mwenye imani kwa kutumia imani yake. Halafu muuguzi, aliyesoma neno ambalo halijaisha. Yeye alikuja asubuhi yake kuniomba radhi, na nimemwachia. Mpishi nimemwachia kabla hajasimama kutoka sakafuni.

Anabaki mmoja.

Wiki tatu baadaye nilirudi Koboko na ule mkanda wa akina mama wa Midia. Niliingia kwenye hoteli ile, nikakaa kwenye benchi lile lile. Jikoni alikuwa msichana mwingine. Mwenye hoteli alinijua, akaja na tabasamu na soda mkononi.

"Mzee! Umepona! Kunywa hii, ya bure."

"Mpishi wako yuko wapi?"

"Yule? Nimemufukuza. Mutu anatia wateja sumu, nitakaa naye namna gani?"

"Na wewe ulisema hapa samaki hakuna."

"Mimi nilijua wapi? Mambo ya jikoni ni ya mupishi."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "siku ile mimi sikusema samaki. Koo lilikuwa limefunga. Dereva hakusema samaki. Mpishi alikuwa nyuma, anakoroga. Kama wewe hukujua, neno samaki ulilitoa wapi?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa kavu. Mtu wa meza ya pili aliacha kutafuna.

"Mzee," akasema mwishoni, "wateja wanangoja kiti."

Niliondoka. Soda niliiacha haijafunguliwa. Nimemtafuta yule mama mkimbizi sokoni na kwenye kanisa lao, nimeambiwa amerudi kambini, nimeambiwa yuko Arua. Kama anapika mahali, na atakayesoma hili anamjua, amwambie kuna fundi wa cherehani anataka kula kwake, na safari hii atasema ukweli kwanza.

Lakini wewe mwenye viatu vyeusi, sijamaliza na wewe. Ulisimama juu yangu ukachagua. Kopo lilikuwa kwenye rafu yako, mukene uliwanunua wewe, na ulipoona mtu anavimba ulijua mara moja ni nini, ndiyo maana ulimkana samaki kabla hujaulizwa. Neno lako lilinifuata kliniki, likasimama karibu na ule mpira. Mpishi wako alikimbia peku na kopo mkononi wewe ukiwa unahudumia meza, kisha ukamfukuza yeye. Sitaki soda yako, sitaki chakula chako cha bure. Nataka mchana, saa saba, hoteli ikiwa imejaa, usimame hapo hapo nilipolala, mbele ya hao wateja wako, unijibu: nani alikuambia ni samaki?