A Iliyogeuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwamkia Rajabu shikamoo, naye akanitazama toka kichwani hadi miguuni. "Marahaba," akasema, "ila kesho usirudie. Mimi si babu yako." Alikuwa mpanga herufi mkuu katika kiwanda kidogo cha uchapaji pale Arusha, Mwislamu wa Tanga, vidole vyeusi kwa wino. Mimi nilikuwa binti wa Kikatiti niliyemaliza shule ya misheni, nakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Sekei. Kazi yangu ilikuwa kurudisha herufi kwenye visanduku vyake baada ya kuchapa.

Ninyi leo mnabonyeza tu, herufi inakuja. Zetu zilishikwa kwa mkono. Za vitabu zilikuwa za madini ya risasi, za mabango zilikuwa za mti, maana risasi ya ukubwa ule ungeibeba wewe? Na katika za mabango malkia alikuwa ile tuliyoiita Nene. Mstari wake mmoja mnene kama nguzo ya nyumba, wa pili mwembamba kama uzi, na chini vijiguu bapa vya kusimamia. Bango la Nene ulilisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Jamani, ilikuwa nzuri. Hadi leo nikiyaona haya maandishi ya plastiki madukani naikumbuka mpaka roho inauma.

Shida ni kwamba ilitoka Uingereza, na Kiingereza hakili A nyingi kama Kiswahili. MNADA WA KAHAWA tu, A zimekwisha. Ikawa tunachagua maneno kwa kufuata herufi zilizobaki. Mwishowe Meneja, Mwingereza mpole asiyependa kelele, akamwambia Rajabu achonge A nyingine kwa mti mgumu uitwao loliondo.

Sasa, herufi ya kuchapia hukaa kinyume, kama sura kwenye kioo. A ya Nene kwenye karatasi ina mguu mwembamba kushoto na mnene kulia. Kwenye mti ni kinyume chake. Rajabu aliyajua hayo kama jina lake. Lakini siku ile alichonga akitazama bango la ukutani, tena, aliniambia baadaye, akimtazama zaidi msichana aliyesimama chini ya bango. A ikachapwa imegeuka, mguu mnene kushoto.

"Rajabu, hii inachechemea," Meneja akasema. "Itupe."

Hakuitupa. Alichonga nyingine zilizo sawa, na ile akaniwekea kwenye kisanduku changu. "Kosa ni lako, itunze wewe," akaninong'oneza.

Alikuja Kikatiti kuposa, akifuatana na wazee wawili wa mjini. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Aliwapa chai, akawasikiliza hadi mwisho, akakataa. Walipoondoka aliniambia, "Mwanangu, si mtu mbaya. Lakini mimi nitasimamaje mbele ya usharika? Niahidi hutamwandikia barua, wala hutapokea yake." Nikaahidi, sikuwa na ubavu wa kumkatalia baba. Rajabu akaacha kazi, akarudi kwao Tanga.

Nilipewa mimi kupanga mabango. Yalipanda treni, yakabandikwa stesheni hadi Tanga. Basi kila bango niliiweka ile A iliyogeuka, moja tu kati ya nzima. Nani angeitambua ila yeye?

Meneja aliiona. "Bi Eliamani, ile A imerudi."

"Ndiyo, bwana. Nzima hazitoshi."

Akaondoka zake. Nilijiambia sijaandika barua, nimepanga bango.

Niliolewa Olmotonyi na mtu mwema wa idara ya misitu, nikazaa, nikarudi kazini, na A ikaendelea kusafiri. Nilimpenda mume wangu. Rajabu nilimtamani vilevile, sioni sababu ya kuwaficha sasa.

Waingereza wakikaribia kuondoka, ulifika mzigo wa wino kutoka Tanga, umefungwa kwa bango la mechi ya mpira. Lilikuwa la Nene, limechapwa hukohuko Tanga. Nililikunjua mezani, nikapitisha kidole juu ya kila A. Zote zilisimama sawa isipokuwa moja, mguu mnene kushoto. Nikafungua kisanduku changu. Yangu ilikuwemo. Basi hiyo aliichonga upya, na safari hii hakukosea.

Nimestaafu zamani. Nene yote ilichomwa jikoni kuchemshia chai, mashine mpya zilipokuja. Wajukuu wakisikia habari hii huniomba niwaonyeshe barua zake. Nawaambia hakuna hata moja. Nilimwahidi baba.