Ncha ya Mkono, Upindo, Kola

Watu wa mtaa ule walimwita Bi Darubini, na jina hilo hakulipata kwa ajili ya miwani yake, ingawa miwani yenyewe ilikuwa minene kama vitako vya gilasi. Alilipata kwenye meza ya kupokelea nguo, katika duka la dobi alilofanyia kazi miaka ishirini na miwili. Ukimpelekea shati halitupi kapuni hivi hivi. Analigeuza nje ndani, anakung'uta mifuko, anapitisha kidole kwenye kola, kisha anashona kitambaa kidogo chenye namba yako. Wewe unadhani amekagua shati, kumbe amekukagua wewe.

Nguo zilimwambia mambo. Suruali iliyopata kunjo jipya kiunoni ilimwambia nani amekonda ghafla. Mabega ya blauzi yalimwambia nani ana mtoto mchanga anayecheua. Kuna bwana mmoja aliyewaaga wanawe kila asubuhi, miezi minne mizima, eti anakwenda ofisini, na suruali zake zilirudi na rangi ya kijani ya mabenchi ya bustani. Bi Darubini alizifua, akazipiga pasi, akamkabidhi na kumwuliza kazi inakwendaje. Bwana akasema inakwenda vizuri. Yeye akamwambia amefurahi kusikia hivyo, na hakumsimulia mtu, kwa sababu alisoma kila kitu lakini hakumwambia yeyote alichosoma.

Kusema aliwaachia wengine, hasa mwenzake wa kwenye mabeseni, mwanaume wa makamo waliyemwita Kipaza. Huyo alikuwa na mdomo usio na mlango. Ukimpa habari asubuhi, kufika adhuhuri imeshazunguka mtaa na kurudi dukani ikiwa imetiwa chumvi. Hata hivyo, kati ya hao wawili palikuwa na kanuni moja ambayo hakuna aliyeivunja kwa miaka tisa: nguo za nyumbani kwako hazipiti mkononi mwako. Kipaza alifua na kukagua nguo za mume wa Bi Darubini, na Bi Darubini alifua za mke wa Kipaza.

Kanuni hiyo aliiomba Bi Darubini mwenyewe, baada ya kumfulia baba mkwe wake hadi siku alipofariki. Hakutaka tena kujua habari za mtu anayempenda kupitia beseni. Na ili awe na hakika, akifika nyumbani huvua miwani, akaiweka juu ya kabati, akamwangalia mumewe kwa macho yake ya ukungu. Mumewe alikuwa mwalimu wa darasa la nne, naye alimwita Mwalimu hata chumbani.

Basi wiki hiyo jino likamshika Kipaza. Shavu likaumuka, akashindwa kusema, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ugonjwa wa pili. Akalala nyumbani siku tatu. Jumatano mchana Bi Darubini akabaki na kapu la Mwalimu peke yake, mashati matano na suruali mbili, na wateja hawakuwepo. Akajiambia atazitumbukiza tu bila kuangalia. Lakini vidole vyake havikujua kufanya kazi kipofu. Kabla hajajizuia, ncha ya mkono wa shati la kwanza ilikuwa tayari kwenye mwanga.

Chaki ilikuwa mkono wa kushoto.

Miaka yote alipokuwa akimfulia, chaki ya Mwalimu ilikaa mkono wa kulia, unga mweupe ulioingia ndani ya nyuzi hadi ukawa kama rangi ya kitambaa. Sasa wa kulia ulikuwa safi kama wa mtu aliyestaafu. Akachukua la pili, la tatu, yote matano. Ndani ya mikono ya kulia, toka kiwiko hadi begani, akanusa dawa ya kuchua, kali na tamu kidogo, ambayo haikuwa ya nyumbani kwake. Halafu, kwenye la tano, akaona kifungo.

Kilikuwa cha pili kutoka juu, na hakukishona yeye, ambaye vifungo vya nyumbani alivishona kwa kupapasa. Uzi ulizungushwa shingo ya kifungo kwa upande usio wa kawaida, na fundo lilikaa mahali ambapo mtu wa mkono wa kulia asingelikazia. Alilifungua kwa sindano taratibu. Aliyeshona alikuwa mashoto. Alishona ovyo, kwa haraka, kama mtu anayeogopa mlango kufunguliwa.

Machale yakamcheza, na yalipoanza hayakutulia. Akakumbuka kwamba tangu mvua za kwanza Mwalimu hasahihishi tena madaftari nyumbani, anabaki shuleni hadi jioni. Anaamka kabla yake na kuvaa gizani. Wiki iliyopita alimgusa bega la kulia kwa mapenzi tu, naye akajivuta. Mtu wa kawaida angechukua mwezi kuyaunganisha hayo. Yeye alichukua muda wa beseni kujaa maji. Kuna mwanamke, anamchua mabega, anamshonea vifungo, na mwanamke huyo ni mashoto.

Sasa tazama kazi inavyomharibu mtu. Mke mwingine angempigia mumewe kelele jioni ile ile. Bi Darubini alipitia wateja wake kichwani, rafu baada ya rafu, akitafuta mashoto. Kulikuwa na seremala, akamwacha. Kulikuwa na muuguzi mmoja mzee, naye akamwacha. Kisha akafika kwenye gauni moja la bluu lililoning'inia nyuma yake, limeshapigwa pasi, likisubiri mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na doa la wino pembeni, doa la mtu anayeburuta mkono juu ya alichokiandika. Lilikuwa gauni la karani wa shule ya Mwalimu.

Usiku huo na ule uliofuata hakupata usingizi. Aliogopa, na aliona haya kuogopa kitu alichokitafuta mwenyewe. Ijumaa, kabla ya saa sita, alilifunga lile gauni kwenye karatasi, akafunga duka, akaenda shuleni akijikaza kisabuni.

Karani alimpokea kwa furaha, akalipokea gauni kwa mkono wa kushoto, akamshukuru kwa kuja mwenyewe juani. Bi Darubini alimtazama vidole, alimtazama macho, akamvuta harufu. Hapakuwa na dawa ya kuchua. Hapakuwa na mshtuko. Mwanamke huyo alimwambia kwa upole kwamba Mwalimu yuko darasa la mwisho kwenye safu, na kwamba wote pale ofisini wanamwombea. Akasema hivyo kama mtu anayezungumza na mwenye habari. Bi Darubini hakuuliza wanamwombea nini, akatoka kuelekea safu ya madarasa.

Madirisha ya darasa hayakuwa na vioo. Alisimama pembeni ya la nyuma.

Mwalimu alikuwa ubaoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, umetumbukizwa humo kama kitu kilichohifadhiwa, na wa kushoto ulikuwa ukiandika. Herufi zilitoka kubwa na zimelala, kila moja ikimchukua muda. Watoto arobaini walisubiri kimya, na ni kimya hicho kilichomtisha, kwa kuwa watoto wa umri ule hawanyamazi bila sababu. Chaki ikamponyoka. Msichana wa dawati la mbele akainuka bila kuagizwa, akaiokota, akamwekea katika vidole vya kushoto, akarudi kukaa. Hakuna aliyecheka wala kugeuka. Walikuwa wameshazoea.

Basi hapakuwa na mwanamke. Kifungo alikishona mwenyewe, na dawa alijichua mwenyewe. Bi Darubini alishika ukuta, na kitu cha kwanza kilichompita moyoni hakikuwa nafuu. Aliwaza, laiti angekuwa mwanamke. Mwanamke angempigania.

Kwa sababu ugonjwa huu aliujua. Aliusoma wote kwenye nguo za baba mkwe, kabla daktari yeyote hajausema. Ulianza kwenye ncha ya mkono, vifungo vikaacha kufunguliwa, kikombe kikamwaga madoa upande wa kulia. Miezi ikapita, ukashuka kwenye upindo wa suruali, mguu uliokuwa ukiburutwa ukaulamba mshono wa mbele hadi ukafumuka. Mwisho ukapanda kwenye kola. Pembe ya mdomo ilipolegea, mate yalimchuruzika, yakakaukia upande wa kulia wa kola na kuifanya ngumu. Baada ya kola mzee hakusema tena neno lililoeleweka, na baada ya hapo hakumaliza mwaka.

Alirudi dukani karibu akimbie. Kipaza alikuwa amerudi na kujifungulia duka, shavu lingali limevimba, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya kapu la Mwalimu. Alimtazama usoni mara moja tu, akainamisha kichwa. Bi Darubini akamwuliza amejua tangu lini.

"Tangu mvua za kwanza, dada," Kipaza alisema, neno moja moja, kwa ajili ya jino. "Nilikuta karatasi ya hospitali mfukoni. Kaandikiwa aende akapimwe. Nikamrudishia mkononi. Karibu kila wiki naikuta tena, imehamia shati jingine. Hajaenda."

"Wewe usiyeweza kuficha hata jina la mtu aliyekohoa."

"Hili nilishindwa kulisema. Si kanuni peke yake. Niliogopa."

Hakumkasirikia. Mtu yule aliyetangaza ndoa, talaka na mimba za mtaa mzima alikaa na siri hii miezi mitano, na ukubwa wa siri ukamwonyesha ukubwa wa hatari. Akachukua suruali ya juu kapuni, maana hizo Jumatano hakuzigusa. Akautafuta mguu wa kulia. Upindo wa mbele ulikuwa umechubuka, nyuzi tatu zimekatika, vumbi limeingia ndani ya mshono. Akachukua ya pili, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kipaza akamwuliza kwa sauti ndogo kama aangalie na kola za yale mashati. Akamjibu kwamba Jumatano aliyatia yote majini bila kukumbuka kola, na sasa hazisemi kitu.

Lililobaki lilikuwa moja tu, lile alilolivaa Mwalimu siku hiyo.

Jioni, nyumbani, jua lilikuwa bado dirishani Mwalimu alipoingia. Bi Darubini alimsikia tangu uani, hatua moja nzito na moja nyepesi, akashangaa kwamba amekuwa akizisikia hatua hizo kwa miezi na kuziita uchovu. Mwalimu aliweka mfuko wake, akataka kusalimia, kisha akaona kwamba mkewe amevaa miwani. Humo ndani hakuwahi kumwona nayo kwa miaka tisa. Akavuta kiti, akakaa polepole.

"Umesoma mpaka wapi?" akamwuliza.

"Mpaka upindo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama anayekubali jibu la mwanafunzi. Akasema alitaka kumwambia tangu mwanzo, kila siku akaipa jina la kesho. Akasema karatasi ya hospitali anayo, ila akienda wataipa hali hiyo jina, na jina hilo analijua, ni lile lile la baba yake. Alisema yote hayo bila kupandisha sauti. Kisha mkono wa kushoto ukaenda wenyewe ukaushika ule wa kulia.

"Basi imebaki kola," akasema. "Mimi siiangalii. Nikivua shati nalikunja haraka nalitia kapuni. Niangalizie wewe."

Bi Darubini alimfungua vifungo kimoja kimoja, vile alivyovishona yeye na kingine tena alichokishona Mwalimu mwenyewe kwa mkono usiojua sindano. Alimvua, mkono wa kulia mwisho, ukatoka mzito. Akalipeleka shati dirishani. Mwalimu alibaki kwenye kiti na fulana yake, amemgeuzia mgongo.

Akaanza upande wa kushoto, maana hakuwa na moyo wa kuanzia kwingine. Kidole kikapita kwenye kitambaa laini, kikafika nyuma ya shingo kwenye jasho la kawaida la mtu aliyeshinda amesimama, kikasita hapo. Alitamani Kipaza aje abishe hodi, au jua lizame ghafla asione. Kisha akakisukuma kidole hadi mwisho wa kulia, akakikandamiza, akitafuta ule ugumu anaoujua.

"Sema," Mwalimu alisema nyuma yake.

Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumsomea mwenye nguo nguo yake. Sauti ilimtoka ngeni.

"Laini. Kuna jasho, na chaki kidogo. Basi."

Alisikia kiti kikilia, Mwalimu akishusha pumzi. Akamwambia Jumatatu watakwenda hospitali wote wawili, na hiyo karatasi aitoe sasa hivi aishike yeye. Mwalimu akasema sawa. Halafu akauliza kuhusu Ijumaa ijayo, na ile ya baada yake, nani atakuwa anaangalia. Akamjibu kwamba kuanzia leo nguo zake hazipitii kwa Kipaza.

Ilibaki kulikunja shati na kuliweka kapuni. Hakuliweka. Alisimama pale dirishani mwanga ukipungua, akapitisha kidole mara ya pili, akapitisha ya tatu, na kila mara alikuta ni laini, na kila mara woga ulikuwa pale pale ulipokuwa.